Dawa Isiyonunuliwa

Anyitike alikuwa amelala mahabusu usiku kucha, na asubuhi hakuwa amebadilisha hata neno moja. Hilo ndilo lililomkera Inspekta Marietha Komba. Katika kazi yake ya upelelezi, tangu akiwa Songea mpaka alipohamishiwa Tukuyu, alikuwa amejifunza kwamba sakafu ya mahabusu ikichanganyika na baridi ya mwezi wa saba humfanya mwongo aongeze chumvi kwenye hadithi yake ili ikolee. Huyu muuza dawa wa Kyimo hakuongeza wala kupunguza. Alisema dawa zote za Tulikof alizitoa kwenye shelfu siku ileile tangazo liliposomwa redioni, akazifunga, akamkabidhi mkaguzi wa dawa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Hakuficha chupa. Hakuuza chupa baada ya hapo.

"Sasa Atupele amekufa kwa nini?" Marietha alimwuliza.

Anyitike aliitazama mikono yake. "Hata mimi afande najiuliza hilo. Sijalala kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya baridi."

Tulikof ilikuwa dawa ya maji ya kikohozi cha watoto, tamu, ya zambarau, chupa yake imechorwa twiga anayecheka. Ilitengenezwa nje ya nchi na kuingizwa na kampuni moja ya Dar es Salaam. Kisha toleo moja likapimwa na kukutwa na kemikali ambayo mahali pake ni kwenye mitambo ya magari, si kwenye tumbo la mtoto. Serikali ikaamuru toleo lote liondolewe sokoni, redio zikatangaza, zahanati zikabandika matangazo, na Rungwe nzima ikazungumza habari hiyo kwa wiki mbili.

Kwa Gift wa Lufingo tangazo lilichelewa. Mama yake, Lightness, alikuwa amemnunulia dawa hiyo dukani kwa Anyitike, akampa kama alivyoelekezwa, na mtoto akafa kabla mtu yeyote hajaishuku dawa. Walimzika wakidhani ni malaria. Siku chache baada ya kuanua matanga, redio ikasema. Lightness alitembea kwa miguu mpaka kituo cha polisi na chupa tupu mkononi, akawa mlalamikaji wa kwanza.

Hadi hapo kesi ilikuwa inaumiza moyo, lakini haikuwa na fumbo. Fumbo lilianza na Atupele, binti wa Doreen, jirani yake Lightness. Huyu alianza kutapika dawa ikiwa imekwisha kuondolewa kote, akavimba uso, mkojo ukakatika, na jana alfajiri akafariki. Vipimo vilionyesha ni sumu ileile. Na sasa kulikuwa na wa tatu wodini, mtoto wa Kawetele aitwaye Yona. Maana yake dawa bado ilikuwa mahali fulani, na mtu fulani alikuwa akiitoa. Mpaka ipatikane, mtoto yeyote mwenye kikohozi alikuwa hatarini, na katika Rungwe, mwezi wa saba, ni mtoto gani asiyekohoa?

Lightness ndiye aliyemtaja Anyitike. Jana alikuja kituoni macho makavu, akasema yule mtu ameficha mzigo na anauza kwa siri, mkamateni kabla hajaua mwingine. Marietha alimkamata. Walipopekua nyuma ya duka, Konstebo Jackson, msaidizi wake, alitoa boksi la Tulikof chini ya majani makavu ya migomba, akalinyanyua juu utadhani amenyakua kombe. Ndani yake mlikuwa na maparachichi. Anyitike alieleza kwa upole kwamba boksi ni zuri kwa kuivishia, na kwamba dawa iliyokuwamo alikwisha kuirudisha. Mkaguzi wa dawa alipopigiwa simu alisema kweli, mzigo wa Anyitike ulirudi kamili, na zile alizouza kabla alikuwa amezifuata nyumba kwa nyumba kwa pikipiki yake mwenyewe, isipokuwa kwa Lightness, ambaye chupa yake ilikuwa imekwisha kufika polisi.

Asubuhi hii, kabla hata hajanywa chai, Marietha alikuwa amepigiwa simu na wakili wa serikali. Wakili hakuzunguka. Alimweleza kwamba wazazi wana haki ya kudai fidia kwa kampuni iliyoingiza dawa, na kwamba jinai pia inaweza kufunguliwa dhidi ya wakubwa wake. Lakini wanasheria wa kampuni wamekwisha kusikia habari za Anyitike, na wamefurahi. Watasema wao walitii, wakaiondoa dawa, ila kuna muuza duka mmoja wa Kyimo aliyeuza kwa tamaa zake, mshitakini huyo. Kampuni ingejivua damu ya Atupele yote, na yule muuza duka angeozea jela.

"Kwa hiyo nataka kujua jambo moja tu," wakili alisema. "Mtoto aliipata kwa mkono wa nani?"

Marietha alimwacha Anyitike mahabusu akaenda hospitali ya wilaya.

Daktari Vicent alimpokea mlangoni mwa wodi ya watoto. Alikuwa kijana mtaratibu kutoka Bukoba, mwenye tabia ya kuongea polepole habari zinapokuwa mbaya, na leo aliongea polepole sana. Yona hakuwa amekojoa tangu jana. Figo zilikuwa zinafunga. Gari la wagonjwa lilikuwa linatiwa mafuta ili apelekwe Mbeya kwenye mashine ya kusafisha damu, na wakiwahi, kuna tumaini. Marietha aliuliza tumaini kiasi gani. Daktari alisema hilo hawezi kuliweka kwenye mizani, ila mtoto anayeletwa siku ya kwanza, kabla tumbo halijaanza kumuuma, huwa na nafasi kubwa kuliko huyu.

"Tatizo ni kwamba siku ya kwanza hawaumwi," alisema. "Wanalala vizuri. Kikohozi kinapungua. Mzazi anafurahi."

Mama yake Yona, Felista, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kawetele. Alikuwa amekaa kwenye benchi huku ameshika viatu vya mtoto. Alipoambiwa ni polisi tena, alifumba macho. Akasema amekwisha kuulizwa na muuguzi, na daktari, na mkaguzi wa dawa, na yule askari kijana, wote swali moja, na jibu lake ni lilelile. Hakununua Tulikof. Yeye ndiye aliyesimama mstarini asubuhi na kuwatangazia wanafunzi wawaambie wazazi wao. Nyumbani kwake alimwaga hata dawa za kikohozi ambazo hazikutajwa.

Marietha alimwamini. Na kwa vile alimwamini, alijiuliza wanakosea wapi. Doreen naye alikuwa ameapa hivyohivyo, hajanunua. Mama wawili, vijiji viwili, hakuna aliyenunua. Anyitike, hakuuza. Walikuwa wamewashuku wote watatu kwa uongo kwa sababu majibu hayakupatana na kifo. Ikamjia kwamba huenda wote watatu walisema kweli, na kilichokuwa kibovu ni swali.

Akamsogelea Felista kwenye benchi. "Mwalimu, tuache habari ya kununua. Hebu niambie, siku za karibuni Yona alikuwa wapi ambapo wewe hukuwa naye?"

Felista alifikiri. Shuleni anasoma darasa la jirani na lake. Kanisani wanakwenda pamoja. Hana tabia ya kuzurura. Halafu akasema wiki iliyopita walilala Lufingo kwenye msiba wa mzee Andrea, mjomba wa mume wake. Yeye alikuwa ndani na wafiwa, Yona alibaki jikoni na watoto wenzake. Mvua ilinyesha, kuni zilikuwa mbichi, moshi ulikuwa mwingi, na mtoto alikohoa mpaka akamwonea huruma.

"Lakini nilipomfuata ili alale, alikuwa hakohoi tena," alisema. "Nikamshukuru Mungu."

Marietha alimwona akiyasikia maneno yake mwenyewe. Viatu vikamponyoka mikononi, kimoja kikaenda chini ya benchi, na hakuna aliyeinama kukiokota.

Nje, chini ya upenu, Marietha alimpigia simu Emmanuel, mwenyekiti wa kitongoji kule Lufingo, akamuuliza kama Atupele alikuwapo kwenye msiba wa mzee Andrea. Emmanuel alishangaa swali. Lufingo nzima ilikuwapo, alisema, mzee Andrea alikuwa mtu wa watu. Kuna mkubwa yeyote aliyeugua baada ya hapo? Hakuna. Chakula kilikuwa kimoja? Chungu kimoja, ng'ombe mmoja. Kwa hiyo, Marietha aliwaza, kuna kitu walipewa watoto peke yao, tena waliokuwa wakikohoa.

"Nani alishika jiko siku hiyo?" aliuliza.

"Si ndiyo akina mama wa kikundi chetu cha kuzikana, afande. Wao ndio wenye jiko la kila msiba."

"Leo wako wapi?"

Emmanuel alijibu kwa sauti ya mtu anayeulizwa jua linachomoza wapi. "Leo wako kwa Doreen. Tunamzika Atupele."

Kabla Marietha hajasema neno, Emmanuel alikuwa amekata simu. Sumu haikuwa imefichwa popote. Ilikuwa kwenye msiba wa mtoto iliyemuua, na uani kulikuwa na watoto wengine wanakohoa kwenye moshi.

Alimwita Jackson na dereva wa kituo, wakaruka kwenye gari. Njiani kuelekea Lufingo ukungu ulikuwa umekaa juu ya chai na migomba, na dereva aliendesha taa zikiwaka. Jackson aliuliza wanakwenda kumkamata nani. Marietha alimwambia dereva akanyage mafuta. Alijaribu kumpigia Emmanuel tena amwambie asimamishe jiko, lakini mtandao ulikuwa umekwisha kwenda zake, kama kawaida yake ukipita kona ile.

Walipofika, wanaume walikuwa wamekaa chini ya turubai wakizungumza kwa sauti za chini, na wachimba kaburi walikuwa wanapokezana chepe. Marietha alijifunga kitenge juu ya suruali yake, akapita pembeni ya nyumba moja kwa moja hadi uani. Masufuria ya ndizi yalikuwa motoni. Akina mama walikuwa wanamenya, wanaosha, wanachochea, na katikati yao, kwenye kigoda, alikaa bibi mmoja mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani. Pembeni yake kulikuwa na sanduku la bati la rangi ya buluu, limefunguliwa. Huyo alikuwa Bibi Tupokigwe, mtunza vyombo wa kikundi.

"Ugonile, bibi," Marietha alimsalimia kwa Kinyakyusa.

Matamshi yake yaliwachekesha kidogo wale wamenyaji, na bibi akamwitikia, "Ndaga, mwanangu, karibu jikoni," akamsogezea kisu amenye. Hivyo ndivyo walivyo. Polisi au si polisi, ukifika jikoni msibani unapewa kisu. Marietha alikipokea kwa sababu macho yake yalikuwa ndani ya sanduku. Aliona vikombe vya bati, chumvi, viberiti, vipande vya sabuni, pakiti za sukari, mishumaa. Vitu vya kila msiba, vinavyobebwa kutoka nyumba ya mfiwa huyu hadi ya yule.

Akiwa anatazama, binti mdogo aliyevaa sweta la shule alisogea karibu na moto, moshi ukampiga, akakohoa mfululizo. Bibi Tupokigwe hakuinua hata macho. Mkono wake uliingia kwenye sanduku kwa mazoea, chini ya mishumaa, ukatoka na kijiko, kisha na chupa. Dawa iliyokuwamo ilikuwa ya zambarau. Twiga alikuwa anacheka.

Kisu kilianguka. Marietha aliruka juu ya beseni la maganda, akamkamata bibi kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka kijiko kikamponyoka. Uani kote mikono ilisimama. Mama mmoja alisema kwa mshangao kwamba askari anampiga Bibi Tupokigwe.

"Usimpe, bibi. Usimpe mtu," Marietha alisema, akamnyang'anya chupa huku Jackson akija mbio.

Aligeuza chupa. Alikuwa na picha ya tangazo kwenye simu, akalinganisha namba ya toleo tarakimu kwa tarakimu. Ndiyo yenyewe. Ilikuwa imebaki kidogo tu chini.

"Bibi, hamkusikia tangazo redioni?"

"Tulisikia," Bibi Tupokigwe alisema huku anasugua mkono. "Mimi mwenyewe niliwaambia akina mama, ile dawa ya dukani wasinunue."

"Na hii?"

"Hii si ya dukani, mwanangu. Hii ni ya sanduku."

Alisema hivyo bila hila yoyote. Wale mama wengine walikuwa wanatikisa vichwa kukubali. Bibi akamweleza kama mtu anayemfundisha mgeni. Kikundi kikishamzikia mtu, siku ya kuanua matanga yule mfiwa huweka shukrani yake kwenye sanduku, chochote alichonacho, kimfae mfiwa atakayefuata. Kikishaingia humo si cha mtu tena. Hakina duka, hakina bei, na haitajwi nani ametoa nini, kwa sababu kutaja shukrani yako ni kujisifia kwenye kaburi la mwenzako. Tangazo lilisema mwenye dawa airudishe alikoinunua. Wao hawakuinunua popote. Hata haikuwapitia akilini.

Marietha alimweleza, taratibu kama alivyoweza, chupa ile ilikuwa na nini. Hakupamba. Alimtaja Yona, akamtaja Atupele, ambaye jeneza lake lilikuwa sebuleni. Bibi Tupokigwe alisikiliza mpaka mwisho. Halafu aliinua mkono wake wa kulia, akauangalia.

"Ee Kyala, Mungu wangu," alisema. "Niliwapa mimi. Kwa mkono huu. Atupele alikataa, nikambembeleza."

Mama mmoja alianza kulia, mwingine akamshika bibi mabega asianguke. Marietha aliona wote wakielekea kuzama, na hapakuwa na muda wa kuzama. Alipiga magoti mbele ya kigoda akamwambia bibi kwamba machozi yatasubiri. Waliokunywa jana usiku bado hawajaugua, na daktari amesema anayewahi anapona. Anataka majina.

Bibi Tupokigwe alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa, akaanza kutaja. Hakusitasita. Alimjua kila mtoto aliyemnywesha, wa nani, na alivyofanya uso kwa utamu. Jana usiku walikuwa watatu. Jackson alikimbia chini ya turubai kuwaita baba zao, na punde si punde watoto wawili walitolewa kwenye mchezo wa mpira wa makaratasi wakiwa wazima kabisa, wanalalamika, na wa tatu alitolewa kitandani kwa shangazi yake. Mmoja wa baba hao, fundi uashi aitwaye Wilson, aliuliza mara tatu kama mtoto anayecheza mpira ni mgonjwa kweli. Marietha alimjibu mara tatu. Gari la polisi likaondoka nao kwenda Tukuyu kwa Daktari Vicent, na bibi akaomba apande pia, ili waganga wakiuliza kijiko kilikuwa kikubwa kiasi gani, awepo wa kuwaonyesha. Marietha alimruhusu.

Aliifunga chupa kwenye mfuko wa vielelezo akaandika tarehe. Kichwa chake kilianza kufanya kazi tena. Anyitike hakuwa amesema uongo, inabidi atoke leo hii. Chupa iliuzwa kihalali kabla ya tangazo, kwa hiyo kampuni haina muuza duka wa kujifichia. Kilichobaki ni shahidi wa kuunganisha chupa hii na duka, mtu aliyeinunua na kuiweka sandukuni. Akampata huyo, kesi ya wazazi wote watatu ingesimama. Bila yeye, ni chupa tu iliyookotwa jikoni.

Alisimama kuwauliza akina mama, akijua hawatataja. Hakuhitaji kuwauliza. Walikuwa wameacha kazi, na wote walikuwa wakiepuka kutazama upande mmoja wa ua, kule kwenye bomba.

Kwenye bomba alikuwapo Lightness. Tangu jana, tangu alipotoka kituoni kumshitaki Anyitike, alikuwa hapa kwa Doreen, anateka maji, anaosha vyombo, hajalala, kwa sababu alijua jinsi nyumba inavyokuwa siku ya kwanza. Sufuria lilikuwa linafurika mbele yake na hakufunga bomba. Alikuwa anautazama ule mfuko wa vielelezo.

Marietha alimwendea akafunga bomba mwenyewe.

"Nilinunua mbili," Lightness alisema. "Anyitike alisema kikohozi cha mtoto wangu ni kirefu, moja haitatosha. Ya pili hata sikuifungua." Aliongea bila kumwangalia. Siku ya kuanua matanga, alisema, alikusanya sukari na sabuni za kuweka sandukuni. Chupa ilikuwa dirishani. Hakutaka kuiona tena, na haikuwa imeguswa, na akafikiri kuna mtoto wa mwenzake itamfaa. Akaiweka chini ya sukari. Redio iliposema, alichukua ile tupu, aliyomnywesha Gift, akakimbia nayo polisi. Hii nyingine ilikuwa imekwisha kuwa ya watu. Ilikuwa imetoka kabisa kichwani mwake, mpaka dakika ile bibi alipoinyanyua.

Jackson alikuwa amebaki kusubiri maagizo. Aliuliza kwa sauti ya chini kama huyu naye wamchukue. Marietha alimwambia apige simu kituoni, Anyitike aachiwe na aombwe radhi, tena aombwe kwa heshima.

"Afande," Lightness alisema. "Ni mimi?"

"Uliitoa kabla ya tangazo. Hakuna aliyejua. Wenye kosa ni waliotengeneza na walioingiza, na nitasimama mahakamani niseme hivyo."

"Sijauliza kosa ni la nani. Nimeuliza kama aliyeiweka ni mimi."

Marietha hakuwa na desturi ya kumdanganya mlalamikaji, na alitamani sana leo aianze.

"Ndiyo," alisema. "Ni wewe."

Lightness alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa chenji yake ikawa sawa. Alikausha mikono kwenye kitenge, akaanza kutembea kuelekea mlango wa nyuma wa nyumba. Marietha alielewa anakokwenda. Utaratibu ulikuwa wazi, shahidi muhimu huandikwa maelezo kwanza, tena peke yake, kabla hajazungumza na mlalamikaji mwenzake, na wakili wa kampuni yoyote angeshangilia kusikia kwamba mpelelezi aliona na hakuzuia. Alipiga hatua moja ya kumfuata. Hakupiga ya pili.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, Doreen alikuwa amekaa chini karibu na jeneza, amezungukwa na wanawake. Alipoinua uso akamwona Lightness, alisogea, akamtengea nafasi kwenye mkeka ubavuni pake, akamvuta mkono ili akae. Aliwaambia wale wengine wampishe, kwa sababu huyu peke yake ndiye anayejua. Kisha akalaza kichwa chake begani kwa Lightness, na Lightness akaanza kusema.